Pumzi, Upepo na Roho: Maneno Yalivyotufikia Upareni

Kuna swali linalojirudia katika vikundi vyetu vya kujifunza Neno, hasa Pentekoste inapokaribia: hili neno roho tumelitoa wapi? Wapo wanaosema ni la Kiarabu, kwa hiyo si letu. Wapo wanaodhani lilikuja na wamisionari. Na wapo vijana wetu waliosoma, ambao huuliza jambo gumu zaidi: ikiwa mizizi ya neno roho, ukiifukua hadi chini, ni pumzi na upepo tu, je, tunapokiri imani yetu kwa Roho tunakiri hewa? Kijana anayeuliza hivyo asikaripiwe. Ameuliza jambo ambalo Kanisa limelishughulikia tangu lilipoanza kuhubiri kwa lugha zaidi ya moja, na sisi wa Same na milima ya Upare tumo ndani ya historia hiyo kuliko wengi wetu tunavyojua.

Tuanze na Maandiko. Katika Mwanzo 2:7 Mungu anamfinyanga mtu kwa mavumbi, anampulizia puani, na mtu anakuwa hai. Kiebrania cha aya hiyo kina kitenzi nafakh, yaani kupuliza. Kina neshama, yaani pumzi. Na mtu anayetokea huitwa nefesh, neno ambalo tafsiri zetu hulitolea nafsi. Neno la nne, ruakh, limeshatangulia katika sura ya kwanza, aya ya 2, juu ya maji. Ruakh huweza kuwa upepo wa kawaida unaopeperusha makapi, huweza kuwa pumzi ya mnyama, na huweza kuwa Roho wa Mungu. Waebrania hawakuwa na maneno matatu kwa mambo hayo matatu. Muktadha ndio uliowaambia ni lipi linalosemwa.

Hicho kitenzi nafakh kinatustahili sisi kwa namna ya pekee. Isaya 54:16 anakitumia kwa mhunzi anayevuvia moto wa makaa, na Yeremia 6:29 anataja mivukuto kwa jina lililotoka katika mzizi huohuo. Kwa hiyo Mwebrania aliyesikia kisa cha Adamu akipuliziwa alisikia pia sauti ya kiwanda cha chuma. Wazee wa Ugweno wangemwelewa bila mkalimani. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, ameeleza jinsi ukoo wa Washana, wahunzi, ulivyokuwa na uzito mkubwa Ugweno kabla Wasuya hawajatwaa madaraka, na jinsi chuma cha milima hii kilivyokwenda hadi kwa majirani zetu Wachaga. Chuma kile kiliyeyushwa kwa pumzi ya mivukuto. Moto wenyewe hauyeyushi jiwe la chuma mpaka upuliziwe, tena kwa muda mrefu, na mtu anayejua kipimo. Tunafikiri hakuna mfano bora zaidi wa kumwelezea mtoto wa kipaimara aya ile ya Mwanzo kuliko mhunzi wa Kishana, na inasikitisha kwamba mfano huo hausikiki madhabahuni mara nyingi.

Sasa tuwageukie waliotuletea Injili. Walutheri wa Misioni ya Leipzig walifungua kituo Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900. Wamisionari wa kwanza wa Kisabato walifika Upare Kusini mwaka 1903 wakaanzia Giti. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha kukaa Kilimanjaro, walihudumia upande wa Wakatoliki. Wengi wa watu hao walikuwa Wajerumani, na kila mmoja alibeba kinywani historia ndefu ya maneno ya pumzi, ingawa huenda hakuifikiria alipokuwa akipanda mlima.

Historia hiyo ilifukuliwa hivi. Mwaka 1786, Mwingereza William Jones, jaji huko Calcutta, alisema mbele ya wasomi kwamba Kisanskriti cha Wahindi, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kiasi kwamba lazima vimetoka katika chimbuko moja, ambalo pengine halipo tena. Wasomi wa karne ya 19 walilichukua wazo hilo na kulipima neno kwa neno. Lugha mama hiyo wakaiita ya Kihindi-Kiulaya. Hakuna aliyeisikia, wala hakuna jiwe wala ngozi iliyoandikwa kwayo. Wengi wa wataalamu wanadhani ilisemwa miaka ipatayo 5000 hadi 6000 iliyopita, katika nyika zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi. Kila neno lake limeundwa upya kwa kulinganisha wajukuu, na kwa uaminifu wataalamu huweka kinyota mbele yake, kama alama ya kukiri kwamba hili tumelikisia kwa hoja, hatukulikuta limeandikwa.

Mojawapo ya maneno hayo ya kinyota ni mzizi wenye maana ya kuvuta pumzi. Huandikwa *h₂enh₁-, na hizo h mbili zenye namba ni sauti za kooni zilizokwisha kupotea karibu katika lugha zote za ukoo huo. Wajukuu wake wametawanyika mbali. Kisanskriti kina aniti, anapumua, na prana, pumzi ya uhai. Kigothi, ndugu wa kale wa Kijerumani, kilikuwa na uzanan, kutoa pumzi ya mwisho. Watu wa Ayalandi hadi leo huita pumzi anál. Kilatini kina anima, nafsi, na animal, kiumbe chenye pumzi. Wazee wetu Wakatoliki walioshiriki Misa ya Kilatini kabla ya mageuzi ya miaka ya 1960 walilitamka neno anima kila walipojiandaa kukomunika. Kumbe mzizi wa kale wa nyika za mbali umekwisha kutamkwa Kilomeni, magotini, na watu wanaosema Chasu na Chagweno.

Kigiriki nacho kilirithi mzizi huo, lakini kikaupeleka upande wa upepo: anemos. Hilo ndilo neno la Marko 4:39, pale Bwana Yesu anapoukemea upepo wa ziwani. Kwa Roho, Wagiriki walitumia neno jingine kabisa, pneuma, kutoka kitenzi cha kuvuma na kupuliza. Na Kilatini, ingawa kilikuwa na anima, kilimwita Roho Mtakatifu kwa neno la tatu, spiritus, kutoka kitenzi chake kingine cha kupumua. Wajerumani wao hawakutumia pumzi hata kidogo: Geist yao yatoka katika mzizi wenye maana ya kusisimka na kutikisika. Lakini Luther alipofika Mwanzo 2:7 alitumia Odem, pumzi, ambalo ni ndugu wa karibu wa atman ya Wahindi.

Tunayataja haya ili jambo moja lionekane. Hata ndani ya ukoo mmoja wa lugha, wenye mzizi mmoja wa pumzi uliorithiwa na karibu wote, hakuna mahali ambapo mzizi huo pekee uliwalazimisha Wakristo kumwita Roho kwa jina fulani. Kila taifa lilichagua. Lilitazama maneno yaliyokuwamo nyumbani, likapima lipi linaweza kubeba mzigo.

Na sisi Wabantu tuna lugha mama yetu yenye vinyota vyake. Tena aliyeiwekea msingi wa kisayansi alikuwa mchungaji. Carl Meinhof alikuwa mchungaji wa usharika wa kijijini Zizow, Pomerania, alipochapisha mwaka 1899 kitabu chake kuhusu sauti za lugha za Kibantu. Alifanya kwa lugha zetu yale ambayo wenzake walifanya kwa Kilatini na Kisanskriti: hakuridhika na maneno yanayofanana, alitafuta sauti zinazobadilika kwa kanuni. Baada yake alikuja Malcolm Guthrie, aliyekuwa kwanza mmisionari wa Kibaptisti nchini Kongo, na kazi yake kubwa ya juzuu nne ilitoka kati ya 1967 na 1971. Ni Guthrie aliyezipa lugha namba. Kiswahili ni G42, Chasu ni G22, na Chagweno ni E65, pamoja na Kichaga. Yaani mkazi wa Upare Kaskazini anayesikia Chagweno upande mmoja wa bonde na Chasu upande wa pili amesimama mpakani mwa makundi mawili ya Guthrie.

Kanuni ya sauti ni nini? Mswahili husema kupanda mbegu, Mkamba husema kuvanda, Mkikuyu, kuhanda. Hiyo p ya Kiswahili imekuwa v Ukambani na h Ukikuyuni, na haikufanya hivyo kwa neno moja tu. Basi tukichukua pepo ya Kiswahili, tutarajie veva na heho. Na ndivyo ilivyo: heho kwa Mkikuyu ni baridi, na veva kwa Mkamba ni roho. Wakristo wa Ukambani humwita Roho Mtakatifu Veva Mutheu. Neno ambalo kwa Mkamba limepandishwa hadi madhabahuni, kwa Mswahili ni pepo, kitu tunachoomba kikemewe. Mzizi ni uleule wa kuvuma: humo ndimo ulimotoka upepo unaopiga pale Same mjini mchana kutwa, humo ndimo mama anapopepeta mchele, na humo ndimo alimotoka kipepeo. (Wagiriki nao waliliita kipepeo psyche, neno lao la nafsi, bila kuulizana na sisi.)

Tukizunguka Afrika ya Mashariki na Kusini tunakuta uchaguzi wa kila aina. Waganda walichukua Omwoyo, ndugu wa moyo wetu. Wazulu walichukua uMoya, ambalo kwao ni upepo na hewa. Warundi Waprotestanti wanasema Impwemu, pumzi, huku Wakatoliki wa nchi hiyohiyo wakisema Mutima, moyo. Wakongo wanasema Mpeve, upepo. Malawi ndiko waliko na ujasiri kuliko wote: kwa Kichewa Roho Mtakatifu ni Mzimu Woyera. Neno ambalo mzee wa Kipare angelisikia akaweka mkono mdomoni, akikumbuka sadaka za wafu, huko limeoshwa likavikwa kanzu nyeupe, na waumini wanaliimba kwa amani.

Je, Waswahili walichagua vibaya kuchukua roho? Neno hili lilikuwapo pwani kabla ya misioni yoyote. Lilitoka katika Kiarabu ruh, nalo Waislamu wa pwani walikuwa wakilitumia katika ibada zao na katika mazungumzo ya kawaida. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Askofu Edward Steere alipofanya kazi ya tafsiri Zanzibar, hawakulibuni, walilikuta. Baadaye alikuwapo mtu aliyetaka kusafisha. Karl Roehl, aliyewahi kuandika sarufi ya lugha ya majirani zetu Wasambaa, alitoa Biblia yake ya Kiswahili mwaka 1937 akiwa amekusudia kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Aliondoa mengi. Roho aliliacha. Kwa maoni yetu hapo aliona vema. Pepo lilikuwa limekwisha kuharibika, moyo ulikuwa na kazi yake, mzimu ulikuwa na wafu wake, na pumzi ilikuwa finyu.

Isitoshe, wanaolikataa roho kwa sababu ni la Kiarabu wasahau kidogo habari za misikiti na makanisa, watazame ukoo wa lugha. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Ruh na ruakh ni neno moja lililolelewa katika nyumba mbili, kama vile nafs na nefesh. Msomaji wa Biblia ya Kijerumani, akifika mahali penye ruakh, amepewa Geist, ambalo halina undugu wowote na neno la nabii. Sisi tunasoma roho na nafsi, na bila kukusudia tumepata maneno ya damu moja na yale ya Musa na Ezekieli. Ni bahati ambayo wafasiri wengi duniani wangeionea wivu.

Hapa inafaa kuwaonya wahubiri wetu, kwa upendo. Imekuwa rahisi kuchukua maneno mawili yanayofanana na kuyajengea mahubiri. Mmoja husema Hawa ametokana na hewa, ndiyo maana mwanadamu hupumua. Inapendeza masikioni, lakini si kweli. Hewa na Hawa yameanza katika Kiarabu na Kiebrania kwa sauti mbili tofauti za h, ambazo ulimi wa Kiswahili umezifanya moja. Mwanzo 3:20 yenyewe inasema jina hilo linahusiana na uhai, na kwa kweli neno letu hai ni jamaa yake. Ukweli hapa ni mzuri kuliko ule wa kubuni. Vivyo hivyo asitokee mtu wa kusema kwamba kwa kuwa Wahindi, Warumi, Waebrania na Wabantu wote wameunganisha pumzi na roho, basi maneno yao yote ni masalio ya lugha ya kabla ya Babeli. Anima, ruakh na pumzi hazina mama mmoja anayeweza kuonyeshwa kwa kanuni za sauti. Walichonacho wote ni kitanda cha mgonjwa. Kila taifa limekaa usiku kando ya mtu anayekufa, likatazama kifua kikipanda na kushuka, kisha kikatulia. Hapo ndipo maneno haya yalipozaliwa, kila moja kwa wakati wake. Sisi nasi twasema fulani amekata roho, nasi hatukufundishwa na Mrumi.

Kwa hiyo kijana wetu aliyeuliza ajibiwe hivi: ndiyo, neno limeanzia kwenye pumzi. Bwana Yesu mwenyewe hakulificha hilo. Katika Yohana 3:8 anazungumza na Nikodemo kwa neno moja, pneuma, ambalo mwanzoni mwa aya ni upepo na mwishoni ni Roho. Wafasiri wetu walilazimika kuligawa mara mbili, na mchezo wa maneno ukapotea. Katika Yohana 20:22 anawavuvia wanafunzi, na kitenzi cha Kigiriki ni kilekile kilichotumiwa na wafasiri wa kale wa Kiyahudi pale Mungu alipompulizia Adamu. Katika Matendo 2:2 uvumi wa Pentekoste umeitwa pnoe, ambalo katika tafsiri hiyohiyo ya kale ndilo neno la pumzi ya Adamu. Waandishi wa Agano Jipya walijua vizuri asili ya neno, nao waliitumia. Lakini hawakuishia hapo, na sarufi yetu nayo haikuishia hapo. Tunasema roho nzuri, roho mbaya, roho ngumu, kama tunavyosema nyumba nzuri. Kwa Mungu tunasema Roho Mtakatifu, kwa m- ya mtu. Nani alitufundisha? Hakuna kanuni ya Meinhof inayoeleza herufi hiyo. Imewekwa na imani ya watu walioomba kwa Kiswahili, wakaona hawawezi kumwita kwa upatanisho wa vitu.

Kuna neno moja la kwetu ambalo tunaliona limezidi hata roho kwa utajiri. Pumua, pumzi, pumzika: yote yatoka shina moja la Kibantu, nalo limeenea mbali. Mganda akipumzika husema okuwummula, Mzulu ukuphumula. Kwa Wabantu wengi, kupumzika ni kupata pumzi. Sasa tazama Kutoka 31:17, inayosema kwamba siku ya saba Mungu alistarehe. Kiebrania kina vitenzi viwili hapo. Cha kwanza ni kuacha kazi, kile cha Sabato. Cha pili kimetoka katika nefesh, na ukikifasiri kwa uaminifu wote kinasema alivuta pumzi. Kizungu hutafuta maneno ya kuzungukazunguka ili kulisema hilo. Kiswahili kinalo tayari, na hata Chasu na Chagweno ni lugha za ukoo huohuo. Mwenye bibi nyumbani anayezisema na amuulize anavyosema kupumua na anavyosema kupumzika, aandike jibu pamoja na jina la kijiji, maana Chagweno hasa kinazidi kubaki vinywani mwa wazee. Mwaka 1909 Ernst Kotz alichapisha Berlin sarufi nzima ya Chasu. Kazi hiyo haikupaswa kuwa ya wageni pekee.

Kitenzi hicho cha pumzi kimerudi katika Kutoka 23:12. Ng'ombe na punda wamepewa kitenzi cha kawaida cha kutulia. Wanaopewa kitenzi cha nefesh, kilekile cha Mungu siku ya saba, ni wawili tu: mwana wa mjakazi na mgeni. Wapate kuvuta pumzi. Wanaoshusha tangawizi kutoka Mamba kwa mgongo hulijua neno hilo. Hufika penye jiwe, hutua mzigo, na kabla hawajasalimu husema, ngoja kwanza nipumue.